Laptopu inaganda na waifai haifiki chumbani: ongeza RAM na uvute mawimbi bila kutupa hela

Wakuu, hii ni kwa wale wenzangu wa laptopu za mtumba, zile ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizotumika maofisini huko Ulaya zikapita Dubai zikaishia Kariakoo. Unakuta mashine nzuri kabisa, bodi ngumu, kibodi tamu, ila ina RAM (kumbukumbu ya muda ya vitu ulivyofungua) ya 4GB, ukifungua brauza na Zoom na faili moja la Excel inaanza kuganda. Afu ukiibeba kwenda chumba cha nyuma waifai inabaki kijistari kimoja. Hayo ni matatizo mawili tofauti ila yanakutana sehemu moja, maana laptopu kibao zinasumbua waifai kwa sababu ya kilichofanyika siku ilipofunguliwa iongezwe RAM. Ntafika huko.

Kubwa kuliko yote, usinunue kitu kabla hujapima. Kupima ni bure, RAM na ekstenda (kifaa cha kusambaza waifai mbele zaidi) ni hela yako.

Hakikisha shida ni RAM kweli

Fungua vitu vyako vyote unavyotumiaga siku ya kazi, vyote, afu bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwa pamoja. Itakuja Task Manager, ingia Performance uangalie Memory na Disk. Memory ikiwa inacheza 85% kwenda juu muda wote basi RAM ndogo, hamna ubishi. Ila kama Memory iko 50% na Disk imeganda 100%, RAM haitakusaidia hata ukiweka 32GB, hapo mgonjwa ni ile HDD (diski) ya kuzunguka, weka SSD (diski isiyozunguka, ina kasi) kwanza. Naona watu wanapigwa sana hapa, laptopu inachukua dakika kadhaa kuwaka, fundi anamwambia ongeza RAM, anaongeza, inawaka vile vile. Zote mbili zikiwa juu ujue RAM imejaa na Windows imeanza kutumia diski kama RAM ya dharura, hapo kama hela inatosha fanya vyote.

Ukiwa bado hapo kwenye Memory shusha macho chini. Utaona Speed, Slots used na Form factor. Ikisema 1 of 2 una bahati, kuna sloti tupu. Form factor ikisema SODIMM maana yake kipande kinatoka na kuingia, ikisema Row of chips maana yake RAM imechomelewa kwenye bodi. Ila usiamini sana hesabu ya sloti kwenye zile zilizochomelewa, zinaweza kuonekana kama sloti wakati hamna cha kuchomoa. X1 Carbon zote zimechomelewa, MacBook Air hivyo hivyo, hizo unanunua na RAM uliyonayo unazeeka nayo. ThinkPad T440 ya kawaida ina sloti moja tu na 4GB iliyochomelewa, X240 ina sloti moja basi, kwa hiyo ukiongeza unatoa cha zamani unaweka kikubwa.

Cheki na hii, Settings, System, About, soma System type. Kama imeandikwa 32-bit operating system, hiyo Windows haivuki 4GB hata uweke 16, inabidi uweke Windows ya 64-bit kwanza. Bado zipo nyingi tu mtaani hizo, mtu kaweka zamani ikasahaulika.

RAM gani inaingia

Za laptopu zinaitwa SODIMM, fupi kuliko za kompyuta ya mezani. Kizazi chake lazima kifanane na bodi: DDR3L, DDR4 au DDR5. Hazibadilishani, mfereji ule mdogo kwenye meno ya dhahabu uko sehemu tofauti na hata idadi ya meno sio sawa, DDR3 ina 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262. Ukiona haiingii usilazimishe.

Kwa zile tunazonunua sana: T450 na T460 ni DDR3L, EliteBook 840 G1 na G2 ni DDR3L pia. T470, T480 na 840 kuanzia G3 mpaka G8 ni DDR4. Na angalia herufi ya mwisho, T460 ni DDR3L lakini T460s ni DDR4, jina karibu moja RAM mbalimbali.

Lebo ya kipande chenyewe ina kila kitu. Kikiwa na maandishi kama 4GB 1Rx8 PC3L-12800S, hapo PC3L ni DDR3L, 12800 ni kasi ya 1600, na S ni ya laptopu. Hiyo L usiidharau, inamaanisha inatumia volti 1.35. PC3 isiyo na L inataka 1.5, na kwenye laptopu nyingi za Intel kizazi cha 4 ukiichomeka skrini haileti kitu, unabaki unajiuliza umeua bodi. Kwa DDR4 utaona PC4-2400T au PC4-3200AA, kasi ikizidi ya mashine haina neno, itashuka yenyewe ifanane. Ukichanganya kipande cha 2400 na cha 3200 vyote vitaenda kwa mwendo wa mdogo.

Kuhusu ukubwa, 8GB inamtosha mtu wa ofisi, chuo na muvi. 16GB ndio saizi ya kukaa nayo muda mrefu na kwa anayehariri video au anayetengeneza apu za simu ni lazima. Vipande viwili vinavyolingana ni bora kuliko kimoja kikubwa, maana mashine inasoma njia mbili kwa mpigo na grafiksi ya Intel inakopa humo humo kwenye RAM, utaona tofauti. 4 na 8 kwa pamoja zinafanya kazi pia, asikutishe mtu.

Sasa kabla hujatoa hela piga hesabu ya umri wa mashine. Windows 10 iliachwa kupewa matengenezo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kupanda. T480 nyingi zinapita, T470 na T450 hazipiti. Mi binafsi kwenye T450 ningeweka 8GB na SSD nikatupia Linux Mint maisha yaendelee, 16GB ningeiwekea T480.

Dukani nenda na kipande cha zamani mkononi au picha ya lebo yake, iwe Kariakoo au Luthuli kule Nairobi. Usiseme tu nataka RAM ya laptopu ya HP, utapewa chochote kilicho karibu na mkono wa muuzaji. Ichomekwe kwenye mashine yako pale pale, ufungue Task Manager usome namba kwa macho yako, maana stika ya 8GB kubandikwa juu ya kipande cha 4GB ni kazi ya dakika moja. Ikionyesha 7.7 au 7.8 inayotumika usigombane na mtu, hiyo iliyopungua imechukuliwa na grafiksi.

Kufungua na kuchomeka

Zima kabisa, sio kufunika kifuniko. Shikilia Shift ukibonyeza Shut down ndio Windows inazima kikweli. Chomoa chaji na toa betri ya nje kama ipo. Hapa ThinkPad kuanzia T440 mpaka T480 zina mtego, ndani kuna betri nyingine, kwa hiyo hata ukitoa ile ya nyuma bodi bado ina umeme. Dawa yake, kabla hujachomoa chochote, iwashe ukibonyeza F1, ingia Config, Power, chagua Disable Built-in Battery ukubali. Itazima yenyewe na haitawaka tena mpaka uchomeke chaji. Mashine zingine ukishafungua kava chomoa plagi ya betri kwenye bodi kwanza, ndio uguse vingine.

Bisibisi ya nyota ndogo inatosha. Chora umbo la kava kwenye karatasi uweke kila skrubu sehemu yake, maana urefu unatofautiana na ndefu ikiingia sehemu ya fupi inaweza kutoboa mpaka juu. Kava ina vikucha pembeni, pitisha kadi ya benki iliyoisha muda taratibu ukizunguka, usitumie kisu. Gusa nondo za dirisha au chuma chochote kisichopakwa rangi kabla ya kugusa RAM, na usifanyie kazi hii juu ya zulia wala blanketi, umeme ule wa mwilini hauonekani ila unaua chipu.

Kutoa: kila upande wa kipande kuna mkono mdogo wa chuma, isukume yote miwili kwenda nje kwa vidole gumba, kipande kitaruka chenyewe kikae mshazari. Kivute kwa kushika pembeni.

Kuchomeka ndipo wengi wanapokosea. Linganisha mfereji, kiingize kikiwa mshazari hivyo hivyo, sukuma mpaka meno ya dhahabu yapotee, yakibaki basi ule ustari mwembamba sana ulio sawa kushoto na kulia. Ukiona dhahabu upande mmoja nyingi kuliko mwingine hakijaingia, toa urudie. Ndio unakilaza chini mpaka mikono yote miwili ilie ta! Kikilalia upande mmoja tu, laptopu itawaka leo na kesho itagoma.

Kama sloti ya pili huioni usishangae, T430 kwa mfano moja iko chini ya kibodi.

Ila usifunike bado

Angalia kile kikadi kidogo cha waifai, kina nyaya mbili nyembamba, moja nyeusi na nyingine ya kijivu au nyeupe, kila moja imeishia na kitufe cha duara cha dhahabu kidogo kuliko punje ya mchele. Hizo ndio antena. Zinapita pembeni ya bodi, zinaingia kwenye bawaba, zinapanda mpaka juu ya skrini. Mkono ukiteleza wakati wa RAM kitufe kimoja kinachomoka bila sauti, unafunika, na kuanzia siku hiyo waifai inashika ukiwa sebuleni tu na chumbani hamna. Zikichomoka zote mbili ndio kabisa, mpaka ukae pua kwa pua na ruta.

Kukirudisha kiweke sawasawa juu ya kishimo chake, hakikisha hakijapinda, bonyeza wima kwa ukucha wa kidole gumba, utasikia kadundo kadogo. Usitumie koleo, kikibonyea ndio imetoka hiyo. Na kama laptopu iliwahi kubadilishwa skrini au bawaba kagua waya wenyewe mpaka unapoishia, kuna mafundi wanaukata ukiwa mfupi wanaufunika humo humo.

Ukiwa na brashi pangusa feni pia, si umeshafungua.

Funga, washa. Mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi kidogo, DDR5 hasa zinachukua dakika kadhaa kujipima, vumilia. Ikigoma au ikipiga bipu, toa vyote, jaribu kimoja kimoja, badilisha sloti, safisha meno kwa pamba na spiriti. Ikikubali andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafuta uache Windows iipime RAM yote, fanya hivi ndani ya muda wa garantii ya duka.

Sasa waifai

Kwanza tenganisha waifai na intaneti, watu wanachanganya. Kaa mita moja au mbili na ruta, pima kasi. Afu nenda chumbani upime tena. Kama hata pale karibu ni kobe, ujue bando, laini au mnara ndio tatizo, usinunue ekstenda, itasambaza huo huo ukobe nyumba nzima. Kama karibu ni nzuri na chumbani ni mbaya, hapo sasa ni waifai.

Chukua na simu uiweke pale pale laptopu ilipo. Simu inashika vizuri na laptopu haishiki? Rudi kwenye zile nyaya. Zote mbili hoi? Ni ruta na kuta. Kwenye laptopu fungua cmd (dirisha jeusi la kuandika amri) andika netsh wlan show interfaces, utapata asilimia ya mawimbi, chaneli na kasi ya kupokea. Kwenye Android apu za kuchambua waifai zinakupa kwa dBm, na namba ni za hasi, kwa hiyo -50 ni safi sana, -67 bado mkutano wa video unaenda, -75 unaanza kukatika, -80 na kuendelea sahau.

Andika netsh wlan show drivers pia usome Radio types supported. Ikiwa na 802.11ac au ax laptopu inaona 5GHz. Ikiishia b, g, n basi huenda ni 2.4GHz peke yake. Kadi inabadilishwa, Intel AX200 au AX210 zinaingia kwenye mashine yenye sloti ya M.2, ila usiuziwe AX201, ile inahitaji prosesa na bodi maalum ya Intel, kwenye T470 haitafanya kazi. Na baadhi ya ThinkPad na HP za zamani BIOS (programu ya kuwashia mashine) inakataa kadi isiyoijua, hizo nunua kidude cha USB tu yaishe.

Ruta iko wapi? Nyuma ya TV, ndani ya kabati la vyombo, au chini sakafuni kwa sababu soketi iko pale, si ndio? Itoe. Iweke juu, usawa wa kichwa kwenda juu, karibu na katikati ya nyumba. Nyumba zetu za tofali za saruji ni ngumu kwa mawimbi, na nguzo yenye nondo ni mbaya zaidi, pia friji, kioo kikubwa cha kabati na tenki la maji. Mlango wa mbao mawimbi yanapita bila shida, kwa hiyo sa ingine kusogeza ruta hatua chache ili itazamane na mlango wa korido badala ya nguzo kunamaliza kazi. Antena zisimame wima, mawimbi yanatoka ubavuni mwa antena, hayatoki nchani, kuielekeza chumbani kama unaonyesha kidole ni kujipotezea.

Wenye ruta za laini za 4G na 5G mna mtihani mwingine. Ruta inataka dirishani ione mnara, nyumba inataka ruta iwe katikati. Ukiisogeza ndani waifai inajaa ila intaneti inakufa. Hapa usihangaike kutafuta sehemu ya kati, iache dirishani kwenye mawimbi mazuri ya mnara, afu uvute waya.

Ila kabla ya waya jaribu chaneli (njia ya mawimbi ambayo ruta inatumia). Andika ipconfig, ile Default Gateway ndio anuani ya ruta, inaweza kuwa 192.168.1.1 au 192.168.8.1, iandike kwenye brauza uingie. Kwenye 2.4GHz chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11 tu, tumia apu ile kuona majirani wamejazana wapi, chagua yenye nafuu, na upana uweke 20MHz sio 40. Ukiwa ghorofani Sinza au Kariakoo hii peke yake inaleta tofauti. Kisha ipe 5GHz jina lake tofauti, sebuleni tumia 5 ina kasi, chumba cha mbali tumia 2.4 inapenya zaidi. Badilisha na paswedi humo humo, nusu ya mtaa unaweza kuwa unaijua.

Waya na ruta ya zamani

Hii ndio ninayoipenda kuliko ekstenda. Ekstenda za kawaida zinapokea na kutuma kwa redio ile ile, kasi inashuka karibu nusu, na watu wanaichomeka chumbani kwenye mawimbi mabovu, itasambaza ubovu. Ukilazimika kuinunua iweke katikati ya njia, pale mawimbi bado yako vizuri.

Ruta yoyote ya zamani iliyolala kabatini yenye matundu ya LAN (ya kuchomeka waya wa mtandao) inafaa. Iwashe peke yake, iunge na laptopu kwa waya, ingia kwenye kurasa zake. Badilisha anuani yake isigongane na ruta kubwa, mfano kubwa ikiwa 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.2. Zima DHCP (ile inayogawa anuani kwa vifaa, kazi hiyo iachie ruta kubwa). Jina na paswedi ya waifai weka zile zile za ruta kubwa, chaneli weka tofauti, kubwa ikiwa 1 hii iwe 6 au 11. Hifadhi. Sasa toa waya kutoka LAN ya ruta kubwa uuingize LAN ya hii, nasema LAN, lile tundu la rangi tofauti la WAN liache tupu. Ukichomeka WAN na DHCP umezima utakaa unaambiwa umeunganishwa ila hakuna intaneti.

Waya chukua Cat5e au Cat6 wa shaba tupu, kwa nyumba hauwezi kufika ukomo maana unaenda mpaka mita 100. Upitishe juu ya dari usiuambatanishe na nyaya za umeme. Kama unafunga vichwa mwenyewe, klipu ikiwa upande usiouona, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, pande zote mbili sawa.

Rudi chumbani na laptopu, zima waifai uwashe ishike upya iliyo karibu, maana huwa inang'ang'ania ile ya mbali, piga tena netsh wlan show interfaces ulinganishe chaneli. Ikionyesha chaneli ya ruta ya pili umemaliza. Ikiendelea kung'ang'ania ya mbali, Device Manager, kadi ya waifai, Advanced, Roaming Aggressiveness, panda ngazi moja.